Ng'ombe Wanne wa Kang'ethe Kauboi

Mtu wa kwanza kuvaa kofia ya kauboi pale Ruiru alikuwa anaogopa ng'ombe. Nasema hivi bila chuki. Alikuwa rafiki yangu, na lile shati lake la vishada nililishona mimi mwenyewe kwa cherehani yangu, mbele ya duka la Mhindi mjini Thika. Vishada vilitoka kwenye pazia la memsahibu mmoja aliyesahau kuulizia mabaki. Jina la rafiki huyo ni Ephantus Kang'ethe. Akiona ng'ombe anakuja upande huu wa barabara, yeye alikumbuka shughuli upande wa pili.

Alikuwa karani wa mizani katika shamba la kahawa la mzungu mmoja, nje kidogo ya Ruiru. Kutwa nzima alipima madebe ya akina mama na kuwaambia hayajajaa. Jioni alirudi kijijini. Nikisema kijiji, usiwaze migomba na kuku. Hiki kilikuwa kijiji cha miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Serikali iliwatoa watu kwenye mashamba yao, ikawapanga kwenye vibanda vya nyasi mistari mistari, ikachimba handaki kuzunguka wote na kulichomekea miti iliyochongoka, kisha ikaweka lango moja na askari mmoja mwenye usingizi. Kwenda Thika, ambako hata si mbali, ni mpaka kibali; mimi nilikuwa nacho cha kwendea kazini. Kwenda mtoni, ungojee saa ya mtoni.

Na Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea ukauboi. Kila baada ya muda lilikuja gari lenye kipaza sauti juu, likatundika shuka jeupe, likatuonyesha kwanza sinema ya kunawa mikono. Kisha, kama zawadi ya kuvumilia ile ya kunawa mikono, ikafuata ya makauboi. Watu waliofungiwa ndani ya handaki wakaonyeshwa mtu anayepanda farasi asubuhi na kufika jioni bila kumwonyesha askari yeyote kibali. Wazee walisema huo ni uongo. Kang'ethe alirogwa papo hapo.

Alinunua gitaa la askari mmoja aliyetoka nalo Burma. Akaanza kujifunza ule mlio wa makauboi, ule wa sauti kupanda ghafla na kuvunjikia kooni. Usiku wa kwanza majirani walitoka nje na maji ya moto wakidhani ameingiliwa na siafu. Hakujali. Buti zake zilikuwa za kusaidiwa na kipande cha tairi, farasi hakuwa naye, na nyika yake ilikuwa ile nafasi kati ya kibanda cha mama yake na choo cha kijiji. Lakini mwaka wa hamsini na sita akatunga wimbo, na sitasema uongo, wimbo ulikuwa mtamu.

Ulianza hivi:

*Gatune, rudi, jua limezama,*
*Nyange, rudi, umande waja.*
*Njiru na Wambura, msibaki nyuma,*
*maziwa yananiita, nami nawaita.*

Hapo ungetulia na kusikiliza. Halafu ukauboi ukaingia kwa mateke:

*Mimi kauboi, sina ua, sina bwana,*
*nyika yote yangu, yoo-lei-yoo!*

Niliposikia mara ya kwanza nilimwuliza, "Kang'ethe, hawa ng'ombe wanne wametoka wapi? Wewe hata mbuzi unamwamkia kwa mbali."

"Aa, Fundi, nimetunga tu," akasema, akageuka kukaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea.

Mama yake, Wamboi, mjane mkimya wa maneno ya kuhesabu, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Aliacha kuchambua. Kisha akaendelea.

Mhindi mmoja wa Nairobi akautia wimbo kwenye santuri, na mwaka haukuisha kabla haujafika kila mahali. Hoteli za chai za Thika ziliupiga mpaka sindano zikachoka. Harusi ziliucheza. Wavunaji wa mkonge waliuimba wakikata. Aliyefurahi kupita wote alikuwa bwana D.O., ofisa wa Serikali wa wilaya yetu, kijana mzungu wa mashavu mekundu, aliyeona kwamba hatimaye watu wake wamepata wimbo usio na siasa. Aliuweka kwenye lile gari la kipaza sauti. Kila Jumamosi gari lilipita vijijini na kumwita Gatune arudi nyumbani, kisha likatangaza zamu za kuchimba matuta na siku ya mwisho ya kulipa kodi. Jumamosi hizo, gari likiingia, mama Wamboi aliingia ndani na kufunga mlango. Sisi tulidhani hapendi kelele.

Sasa tufike kwa Ngina. Huyu alikuwa msichana wa kiwanda cha mananasi pale Thika, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya reli, binti wa Mzee Mbuvi wa Gatuanyaga. Alimpenda Kang'ethe kabla ya kofia, na baada ya kofia akaendelea kumpenda, jambo ambalo si dogo. Lakini baba yake alikuwa amekataa katakata. Mzee Mbuvi alikuwa Mkamba wa mifugo, na kwake karani ni mtu anayekula kwa kupima jasho la wengine. Kang'ethe alikuwa ameanza kukonda.

Ndipo siku moja duka moja la Gatuanyaga likaleta gramafoni, na Mzee Mbuvi akapita hapo kununua ugoro. Alisikiliza wimbo ukaisha. Akaomba urudiwe. Akauliza mwimbaji ni nani, akaambiwa. Jioni ile ile akatuma neno kwa Ngina kwamba yule kijana wa Ruiru aje na watu wake, mambo yazungumzwe.

Wee! Kang'ethe alikuja kwangu Thika akiwa hakanyagi chini. "Fundi, umeona? Sanaa! Sanaa imemlainisha mzee!" Akaniagiza nyongeza ya vishada mikononi. Bwana D.O. alitupa vibali akipiga mluzi wa wimbo wenyewe. Tukaenda wanne: Kang'ethe na kofia yake, baba yake mdogo Ndung'u awe msemaji, mama Wamboi, na mimi nimebeba gramafoni yangu kichwani, kwa maana Mzee Mbuvi alikuwa ameagiza chombo hicho kije. Kang'ethe alidhani ni cha kustarehesha wageni.

Tulipokelewa vizuri mno. Mke wa Mzee Mbuvi, Mukonyo, alitupa uji, akatupa nyama. Boma lilikuwa upande wa juu, ng'ombe wamelala wanacheua, na Kang'ethe akachagua kiti kilichogeuzia boma mgongo. Ndung'u alisimama akatoa hotuba ndefu yenye methali nyingi, nyingine za Kikuyu, nyingine za kwake mwenyewe. Mzee Mbuvi alingoja iishe, akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema:

"Mimi si mtu wa mambo mingi. Sitaki pesa, sitaki blanketi. Nataka ile ngombe ine tu."

"Ng'ombe gani, mzee?" Ndung'u akauliza.

"Gatune, Nyange, Njiru na Wambura."

Nilimtazama Kang'ethe. Kofia ilikuwa imeanza kumshuka machoni yenyewe.

"Lakini mzee," Ndung'u akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekanyaga utelezi, "hiyo ni wimbo tu."

"Aka! Wimbo tu?" Mzee Mbuvi hakucheka. "Sikia, mkwe wangu. Hapa kwetu mtu hasifu ngombe ya mwenzake mbele ya watu. Ukiita ngombe kwa jina kwa ngoma, watu wote wakasikia, wewe unasema iko kwako. Na mwenye kudai akidai, ile ngoma yote ni shahidi. Huyu kijana ameita hii ngombe Thika, ameita Nairobi, ameita mpaka hapa dukani. Mimi nikajua ni mtu na mali yake. Sasa iko wapi?"

Hapo ndipo tulipofahamu kilichomlainisha mzee. Alikuwa amesikia hesabu ya mifugo.

Ndung'u alijaribu kueleza habari za sinema. Alieleza farasi, akaeleza shuka jeupe, akaeleza kwamba makauboi wenyewe hawapo, ni vivuli. Kadiri alivyoeleza ndivyo tulivyozama. Mwishowe Mzee Mbuvi akainua mkono.

"Basi ni mambo mawili. Ama ngombe iko na amenificha, huyo ni mchoyo. Ama haiko na amedanganya nchi mzima, huyo ni mwongo. Mchoyo ninaweza kumpa msichana, atafundishwa na bibi. Mwongo, hapana. Kijana, jibu wewe. Iko ama haiko? Kama haiko, shika kofia yako, na usikanyage hapa tena."

Ndani ya nyumba kicheko cha Ngina, kilichokuwa kikisikika tangu tufike, kilinyamaza. Mtu aliyekuwa akiwaambia watu wa Kenya kwamba hana bwana, alimtazama mama yake kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Fundi," Mzee Mbuvi akaniambia, "zungusha hiyo kitu. Shahidi aseme."

Nikazungusha. Santuri ikakwaruza, gitaa likaingia, na sauti ya Kang'ethe ikatoka kwenye pembe ya gramafoni ikimwita Gatune. Ng'ombe bomani waliendelea kucheua. Ukaja ule mlio wa yoo-lei-yoo, na ndama mmoja akahamia mbali zaidi. Nilipoinua sindano, mama Wamboi alikuwa amesimama.

"Si hivyo," akasema.

Alivuta shuka lake begani, akageukia bonde, akaita. Bila gitaa, bila kupandisha sauti popote. Aliita majina yale manne moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini yenye kuburuza mwisho wa kila jina, kama mwanamke anayefungua lango jioni na kibuyu mkononi. Na wale ng'ombe wa Mzee Mbuvi, ambao hawakuwa wake wala hawakuwa na majina hayo, waliinua vichwa. Mmoja akaitikia.

"Ilikuwa yangu," mama Wamboi akasema. "Bwana yangu aliniachia moja, Gatune. Zile zingine nikazizalisha. Mwaka ya hamsini na tatu mtu aliuawa ng'ambo ya mto. Aliyeua hakupatikana. Serikali ikakasirikia mto mzima. Wakakuja asubuhi wakachukua ngombe yote, kila boma. Huyu alikuwa shule ya misheni. Alirudi akakuta boma tupu."

Kwa kuwa mwuaji hakupatikana, walikamatwa ng'ombe, ambao walipatikana kwa urahisi. Ndiyo ilivyokuwa haki ya siku zile.

"Toka siku hiyo sijaita," akasema. "Niite nini? Huyu akaenda akaita kwa sahani. Kwanza nilikasirika, Ngai anajua. Nikasema, mtoto ameuza sauti yangu, ameivalisha kofia."

Kang'ethe aliivua kofia. "Maitu, mama yangu, nilikuwa nasikia haya," akasema. "Kauboi ana nyika. Ningesema mimi ni mtoto wa mjane asiye na ngombe, nani angecheza?"

Mzee Mbuvi alikifunga kijichupa chake cha ugoro. Lazima ujue kwamba yeye naye alikuwa ameonja. Mwaka wa thelathini na nane, kabla ya vita, Serikali iliamua Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko inavyofaa, ikawapunguzia. Kwa hiyo wa upande mmoja walichukuliwa kwa kuwa wengi, na wa upande wa pili kwa kuwa karibu na mto.

"Mama," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa nyingine, "hiyo gari ya Serikali, bado inapiga hii wimbo?"

"Kila Jumamosi."

"Inaita hiyo ngombe kwa jina? Mbele ya watu?"

"Kwa kipaza sauti."

Mzee Mbuvi akapiga paja. "Basi iko! Imesema yenyewe! Mwenye kuita mbele ya watu ndiye yuko nayo. Mahari nimepokea. Hiyo ngombe ine ni yangu tangu leo, na Jumatatu naenda kuchukua. Lakini wewe, kijana, tutaenda na wewe. Mimi nitadai. Wewe utasema ni ya nani. Ukisema hivyo mbele ya mzungu, Ngina ni wako. Ukikataa, hakuna harusi."

Jumatatu tulikuwa mbele ya meza ya bwana D.O. Mzee Mbuvi alivaa koti lake la kwendea kortini. Kang'ethe alivaa shati la vishada, na vishada vilikuwa vikitetemeka bila upepo. Gramafoni nilibeba mimi, kama kawaida.

"Ah, kauboi!" D.O. akafurahi. "Wewe nataka nini?"

Mzee Mbuvi akaeleza shauri lake toka mwanzo, taratibu, kama mtu anayedai mbuzi kwa jirani. Kwamba ng'ombe wanne wa mjane Wamboi wako kwa Serikali. Kwamba Serikali yenyewe imewatangaza kwa gari lake. Kwamba wamekuwa mahari na yeye amekuja na kamba. Kweli alikuwa amekuja na kamba, nne, akaziweka juu ya meza.

D.O. alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka, na mashavu yake yakabadilika rangi. Hakuwa mjinga. Alielewa kwamba kwa mwaka mzima na zaidi amekuwa akizunguka vijijini akiwaimbia watu majina ya mali aliyowanyang'anya, na kwamba watu wamekuwa wakisikiliza kwa makini kuliko alivyodhani.

Akamgeukia Kang'ethe, akasema kwa upole, "Sikia, Ephantus. Hii wimbo ni ya kuchekesha, sivyo? Hakuna ngombe. Wewe sema hivyo tu, halafu mimi natafuta kazi mzuri kwako, kuimba kwa gari. Mshahara, yunifomu, na kibali ya kutembea popote."

Kibali cha kutembea popote. Hiyo ndiyo ilikuwa nyika ya Kang'ethe, imewekwa mezani kando ya kamba nne. Ninajua alivyokuwa mwoga, nimemwona akimkimbia mtamba. Nilianza kupanga kichwani jinsi ya kumfariji Ngina.

Kang'ethe aliweka kofia mezani, juu ya kamba. "Walikuwapo," akasema. Sauti ilivunjika, na safari hii si kwa ufundi. "Ni ya mama yangu. Gatune alinipiga teke hapa, alama iko. Nyinyi ndio mlichukua."

Akapandisha suruali kuonyesha mguu. Alama ilikuwapo.

Tulitolewa nje na askari wawili, na gramafoni ikapata ufa ambao haujapona. Kwenye shamba la kahawa Kang'ethe hakurudi tena kwenye mizani. Alipelekwa kuchimba matuta na akina mama wale wale aliokuwa akiwaambia madebe yao hayajajaa, nao hawakusahau kumwambia matuta yake hayajanyooka. Gari la kipaza sauti likaacha wimbo siku ile ile, likaanza kupiga bendi ya tarumbeta. Jumamosi ya kwanza ya tarumbeta, jua likizama, mama Wamboi alifungua mlango, akasimama nje, akaita ng'ombe wake. Jirani akaitikia kwa majina ya ng'ombe wake yeye. Na yule wa tatu. Muda si muda mstari mzima wa vibanda ulikuwa unaita, akina mama kila mmoja na wake, na askari wa lango akaamka, asijue amkamate nani, kwa maana hakuna sheria iliyomkataza mtu kumwita ng'ombe asiyekuwapo.

Harusi ilifanyika. Ngina alicheka kanisani, padre akakohoa. Binti yao wa kwanza aliitwa Wamboi, kama desturi inavyotaka, na Kang'ethe mpaka leo akiona ng'ombe, yeye huvuka barabara.

Mzee Mbuvi hakuzichukua kamba zake; aliziacha pale mezani kwa D.O. Lakini kila alipokuja Thika sokoni alipita ofisini kuuliza kama ng'ombe wake wako tayari, akamzoesha hivyo D.O. yule, na aliyemfuata, na bendera ilipobadilishwa akaenda kumwuliza Mwafrika aliyekalia kiti kile kile. Huyu naye alimwambia arudi kesho. Watu wa Gatuanyaga walipomtania kwamba alimtoa binti yake kwa wimbo mtupu, alikasirika kweli kweli.

"Mahari ya Ngina nilipokea yote," alisema. "Iko tu malishoni. Aliyechukua hajui kwamba jioni ngombe inarudishwa."